Binti ana D ya Fizikia na shule imemkatalia PCB: ni njia zipi zimebaki za kuingia kidato cha tano?

Mama wa Pasua (Moshi)

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba ushauri wa walimu, wazazi wenzangu na vijana waliopita njia hii miaka ya karibuni. Binti yangu amemaliza kidato cha nne katika shule ya kutwa hapa Moshi, na matokeo yake ni haya: Kemia B, Baiolojia B, Kiswahili B, Jiografia C, Historia C, Kiingereza C, Uraia C, Hisabati D na Fizikia D. Ni daraja la pili, pointi 18. Nyumbani tulifurahi, kwa sababu tunajua alivyosoma na katika mazingira gani.

Tatizo limeanza tulipokwenda kumtafutia nafasi ya PCB, ile tahasusi (masomo matatu makuu ya kidato cha tano na sita) ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Tangu akiwa kidato cha pili anasema atakuwa daktari, na hajawahi kuyumba. Tulipeleka matokeo katika shule moja ya binafsi ambayo inasifiwa kwa masomo ya sayansi. Mwalimu aliyetupokea aliipitia karatasi kwa kalamu, somo baada ya somo, akaipigia mstari Fizikia, kisha akatueleza kwa upole kwamba wao hawapokei mwanafunzi wa PCB asiye na C katika kila somo kati ya yale matatu. Palepale akampa nafasi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Binti alishukuru kwa adabu, lakini njia nzima ya kurudi hakutamka neno.

Sasa kila mtu ana lake. Shangazi yake anataka arudie mtihani. Baba yake anaona achukue HGL kwa sababu nafasi ipo mkononi. Jirani yetu, ambaye ni muuguzi, anasema aende moja kwa moja chuo cha afya. Mwenyewe anaogopa kwamba akiingia tahasusi nyingine yoyote, udaktari utakuwa umeishia hapo. Naomba kuelimishwa: je, D moja inamfungia PCB kila mahali, hata katika shule za serikali? CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) ingempeleka wapi? Na kama ni kurudia, hurudiwa kwa utaratibu gani?

Mwalimu wa Sakina (Arusha)

Mama, pole kwa mahangaiko, na kwanza umpe binti hongera zangu. Daraja la pili lenye B ya Kemia na B ya Baiolojia si matokeo ya kuinamisha kichwa. Nimefundisha sayansi na kushughulikia taaluma kwa miaka mingi hapa Arusha, na kila mwaka baada ya matokeo kutoka mwezi wa kwanza huwa napokea wazazi wenye swali hilihili. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jibu fupi ndilo linalowapotosha wengi.

Ulichoambiwa katika ile shule ni kiwango cha shule ile. Shule binafsi ina haki ya kujiwekea kiwango chake, na nyingi zinazotafuta ufaulu wa juu kidato cha sita hudai C kila somo la tahasusi, nyingine hudai hata B. Lakini kigezo ambacho Ofisi ya Rais, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), hukitumia kuwachagua wanafunzi wa kidato cha tano katika shule za serikali ni kingine. Mwanafunzi anatakiwa kuwa na alama za A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, bila kuhesabu masomo ya dini. Jumla ya pointi zake katika masomo saba isizidi 25. Umri wake usizidi miaka 25. Na katika masomo matatu ya tahasusi anayoiomba, jumla ya pointi iwe kati ya 3 na 10, pasiwe na F hata moja.

Tumhesabie sasa. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Katika PCB ana Fizikia 4, Kemia 2 na Baiolojia 2, jumla 8. Hana F. Kwa hiyo binti yako ana sifa ya kuomba PCB katika shule za serikali, na wala hayuko ukingoni, kwa sababu ukomo ni 10. Katika CBG ana 2, 2 na 3, jumla 7. Hata HGL anayo, kwa pointi 9, lakini angalia jinsi hesabu yenyewe inavyoonesha kwamba huko walikomsukuma ndiko aliko dhaifu kuliko kote.

Jambo hili linaniuma, nalisema wazi. Nimewaona watoto wengi, hasa wa kike, wakihamishwa kutoka sayansi kwa sababu ya alama moja, na mtu mzima aliye mbele yao hakuchukua hata dakika mbili kujumlisha namba tatu. Alama D ya kidato cha nne inaanzia maksi 30 hadi 44, na C inaanzia 45. Karatasi ya matokeo haikuambii kama mtoto alipata 31 au 44, na hao wawili ni wanafunzi tofauti kabisa. Ndiyo maana mtu wa kuulizwa ni mwalimu wake wa Fizikia, ambaye anajua kama mtoto huyu haelewi somo, au analielewa ila aliangushwa na mtihani wa vitendo, au alikaa muda mrefu bila mwalimu.

Hata hivyo kuwa na sifa si sawa na kuchaguliwa. Nafasi za PCB hugombewa na wenye daraja la kwanza kutoka nchi nzima, na mashine hupanga kwa ufaulu. Anaweza kuchaguliwa PCB, anaweza kuangukia tahasusi aliyoiweka ya pili, au akapelekwa chuo. Kwa sababu hiyo Selform, yaani fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, isijazwe kwa haraka. Ile aliyoijaza akiwa bado shuleni siyo neno la mwisho: baada ya matokeo kutoka, dirisha hufunguliwa kwa muda maalumu ili mwanafunzi aingie katika mfumo kwa namba yake ya mtihani na kubadili machaguo yake kulingana na alichokipata. Wazazi wengi hawalijui dirisha hili, wanakuja kulia mwezi wa sita majina yakishatoka, wakati ambapo ofisi ya elimu haina la kuwafanyia. Na tafadhali akalijaze mwenyewe. Kama lazima aende steshenari, asimwachie kijana wa pale nywila yake, na asiondoke kabla ya kuchapisha nakala ya machaguo yake na kuisoma mstari kwa mstari.

Ushauri wangu kwa mpangilio: PCB iwe ya kwanza, CBG ifuate. HGL asiijaze kwa hofu tu.

Baba wa Njiro (Arusha)

Mwalimu, shikamoo. Naomba niingize la kwangu, kwa kuwa linafanana. Kijana wangu anataka uhandisi. Ana Fizikia C, Kemia C, lakini Hisabati D. Kwa hesabu yako PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) inampa pointi 10 kamili. Je, aombe?

Kijana wa Kiborloni (Moshi)

Mama, shikamoo. Mimi nilipita njia ya kurudia, kwa hiyo nieleze hiyo, kwa sababu watu wengi huizungumzia kana kwamba ni jambo la kujaza fomu tu.

Anayerudia hujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea katika kituo kinachotambuliwa na Baraza la Mitihani. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini juu ya ada. Mtihani ni Novemba, pamoja na wanafunzi wa shule. Matokeo yanatoka Januari ya mwaka unaofuata, na masomo ya kidato cha tano yanaanza Julai. Kwa hiyo, Mama, hesabu vizuri: akirudia sasa, wenzake watakuwa wanaelekea kuanza kidato cha sita siku yeye anapoingia cha tano. Mwaka mzima unaondoka kwa ajili ya somo moja. Kwangu ilikuwa lazima, kwa sababu nilikuwa na F ya Fizikia na D ya Kemia, na hakuna hesabu ambayo ingenifikisha PCB. Binti yako hayuko hapo.

Kama mkiamua kurudia, kuna jambo moja la kuuliza kituoni kabla ya kutoa hata shilingi, nalo ni maabara. Fizikia ina mtihani wa nadharia na mtihani wa vitendo, na huo wa vitendo hausomwi kwa kukariri. Nilikuwa nasoma nyumbani asubuhi, jioni nakwenda kituo ambako mwalimu alitufunga kwenye vitendo tu kwa majuma mengi. Chukua lile swali la pendula. Unaning'iniza gololi kwa uzi, unapima urefu wa uzi mpaka katikati ya gololi na si mpaka juu yake, unaiachia kwa pembe ndogo, unahesabu mizunguko 20 kwa saa ya kusimamisha, halafu unagawa. Unafanya hivyo kwa urefu mwingine na mwingine. Kisha unachora grafu ya mraba wa muda wa mzunguko mmoja dhidi ya urefu, na mteremko wa mstari ule ndio unaokupa mchapuko wa uvutano. Ukianza kuhesabu "moja" wakati unabonyeza saa, badala ya "sifuri", mizunguko yako imekuwa 19 na jedwali lote limeharibika bila wewe kujua. Shuleni tulikuwa wengi kwenye meza moja, anayeshika saa ni yuleyule kila siku, sisi wengine tunanakili. Nilipoishika mwenyewe ndipo somo lilipofunguka.

Nilipata C. Nilipokelewa shule ya binafsi kwa kuonesha vyeti vyote viwili. Anayerudia ajue mapema kwamba huenda safari yake ikaishia shule ya kulipia, na mzazi ajipange kwa hilo, kwa kuwa ada ya kidato cha tano na cha sita iliyofutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ni ya shule za serikali.

Mwalimu wa Sakina (Arusha)

Marahaba, Baba wa Njiro. Kwa kigezo, ndiyo, kijana ana sifa, maana 10 ni ndani ya ukomo. Kwa ushauri, nasita. Katika PCM somo lililo dhaifu kwake ndilo litakaloongezwa uzito kuliko yote, kwa sababu Hisabati ya juu hubeba na Fizikia mgongoni. Hali yake haifanani na ya binti wa Pasua, ambaye masomo yake mawili makubwa ni imara.

Wewe upo Njiro, na Chuo cha Ufundi Arusha kipo mjini hapohapo kwenye makutano ya barabara ya Moshi na ya Nairobi. Chuo hicho kilianza mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani, na kinapokea wahitimu wa kidato cha nne kwa stashahada za uhandisi za miaka mitatu, yaani ngazi ya nne hadi ya sita ya tuzo za ufundi. Akimaliza kwa wastani wa 3.0 au zaidi anaruhusiwa kuomba shahada, na chuo chenyewe kinatoa shahada. Kijana anayejifunza kwa mikono mara nyingi huipenda hesabu pale anapoiona inafanya kazi kwenye karakana. Kaulizeni sifa za kila programu, kwa sababu ya umeme na ya ujenzi hazifanani, na muikumbuke katika Selform pia, kwa maana vyuo vya ufundi vimo humo.

Kijana wa Kiborloni, umeeleza la pendula kuliko ninavyolieleza mimi darasani.

Tabibu wa Usa River (Arusha)

Mama wa Pasua, nimesoma kwa makini na nina la kuongeza kuhusu njia ya chuo, kwa kuwa mimi ni afisa tabibu. Sikatai ushauri wa Mwalimu, ila nataka binti aijue njia hii kwa ukweli wake, si kama adhabu ya waliokosa kidato cha tano.

Stashahada ya utabibu inadai ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo wawemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ile D inayowanyima usingizi inatosha hapo. Masomo ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza tu unaanza kuingia wodini na daftari lako, na unajifunza kumuuliza mgonjwa maswali kwa mpangilio: kilianza lini, kilianzaje, kinazidi wakati gani, ametumia dawa gani kabla ya kuja. Ukihitimu na kusajiliwa, unafanya kazi; vituo vingi vya afya vya vijijini kwetu huku vinaendeshwa na maafisa tabibu.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Afisa tabibu anayetaka kusoma udaktari chuo kikuu anatakiwa kuwa na wastani wa 3.0 katika stashahada yake, na pia anatazamwa upya matokeo ya kidato cha nne: awe na angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Nina rafiki tuliyesoma naye, hodari kuliko mimi wodini, ambaye F ya Hisabati ya kidato cha nne ilimsimamisha mlangoni, akalazimika kurudi kuifanya akiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto. Binti yako ana D ya Hisabati na C ya Kiingereza. Njia yake iko wazi, na hiyo ndiyo habari njema kuliko zote nilizoziona katika matokeo yake.

Linganisheni miaka. Kwa kidato cha tano na sita: miaka 2, udaktari miaka 5, mafunzo ya vitendo hospitalini mwaka 1, jumla 8. Kwa stashahada: miaka 3, kisha 5, kisha 1, jumla 9. Tofauti ni mwaka mmoja, ule ule mmoja ambao angeupoteza kwa kurudia, ila huku katikati anakuwa na taaluma mkononi endapo fedha zitakwama. Sifichi ugumu wake: nafasi za udaktari kwa wenye stashahada ni chache na ushindani ni mkali, na vyuo vya afya vya binafsi vina ada nzito. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya imo, lakini mzazi asijipange kana kwamba mkopo umeshatoka.

Kabla ya kulipa popote, jina la chuo na programu yenyewe viwe ndani ya kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Bango la barabarani na ofisi yenye mapazia mazuri si usajili.

Dada wa Majengo (Moshi)

Nimeona CBG inatajwa kama godoro la kuangukia, nami niliisoma kwa hiari yangu. Naomba niitendee haki. Ni kweli kabisa kwamba CBG haifikishi kwenye udaktari wa binadamu, kwa sababu vyuo vikuu vinadai ufaulu wa kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hilo binti alijue kabla ya kujaza, asije akaingia kwa matumaini ya kubadilishiwa baadaye. Lakini inafungua kilimo, mazingira, misitu, wanyamapori, sayansi ya chakula na ualimu wa sayansi. Mimi niko kwenye kilimo cha mbogamboga na matunda, na ukitaka kuona kazi hiyo inafananaje, mpeleke siku moja Tengeru, kisha umpitishe Olmotonyi kwenye chuo cha misitu. Kutoka hapo Moshi, Mweka kwenye chuo cha wanyamapori ni mwendo mfupi tu wa kupanda mlima. Kuanzia 2024 serikali pia imeongeza tahasusi 49 mpya juu ya zile 16 za zamani, kwa hiyo zipo 65, na wazazi wengi bado wanafikiri ni PCM, PCB na HGL tu.

Swali ambalo ningemuuliza binti ni hili: je, anachokitaka ni udaktari wenyewe, au ni Baiolojia anayoipenda na daktari ndiye mtu pekee aliyemwona akiifanyia kazi?

Mama wa Pasua (Moshi)

Nawashukuru sana nyote. Nimeusoma uzi huu na binti akiwa pembeni yangu, naye ameuliza maswali mengi kuliko mimi. Swali la Dada wa Majengo amelijibu bila kusitasita: ni udaktari, na anataka hasa wa watoto, kwa sababu ya mdogo wake aliyelazwa muda mrefu. Baba yake ameelewa hesabu ya pointi na suala la HGL tumelifunga.

Tulikwenda pia kwa mwalimu wake wa Fizikia kama tulivyoelekezwa. Amesema mtoto anaelewa mada za umeme na mwanga, lakini kwenye mekanika anapotea pale panapohitaji kubadilisha fomula, na kwamba darasa lao lilikaa kipindi kirefu cha kidato cha tatu bila mwalimu wa somo hilo. Kwa hiyo ni Hisabati inayoiangusha Fizikia. Hilo hatukulijua.

Machaguo tumeyaandika kwenye karatasi kwanza: PCB, kisha CBG, na upande wa vyuo ameweka utabibu. Linanisumbua jambo moja. Ikitokea amechaguliwa CBG, aende au aache aombe chuo cha afya?

Mwalimu wa Sakina (Arusha)

Mama, kwa msichana ambaye amesema udaktari kwa uhakika huo, akichaguliwa CBG ningemshauri aombe stashahada ya utabibu dirisha la vyuo likiwa bado wazi, na asiiache nafasi ya kidato cha tano mpaka awe na jibu la chuo kwa maandishi. Wapo wanaofanikiwa kubadili tahasusi baada ya kuripoti shuleni, pale shule inapokuwa na PCB na nafasi ikabaki, na kwa kuwa ana pointi za PCB ana haki ya kuomba kwa mkuu wa shule wiki ile ya kwanza. Aende na nakala ya matokeo na barua fupi. Lakini msiitegemee kama mpango.

Akichaguliwa PCB, kazi inaanza sasa na si Julai. Mwanafunzi wa PCB anasoma Fizikia ileile na kufanya mtihani uleule na wa PCM, ila mwenzake ana Hisabati ya juu na yeye ana ile ya msingi inayofundishwa kama somo la nyongeza. Fizikia ya kidato cha tano inafungua kwa vipimo na makosa ya vipimo, halafu mekanika mfululizo: mwendo wa kitu kilichorushwa, mwendo wa duara, mtetemo. Ndipo hasa mwalimu wake alipoonesha udhaifu. Kwa hiyo miezi hii arudi kwenye Hisabati ya kidato cha pili na cha tatu: kubadilisha kiini cha fomula, logarithimu, trigonometria, na kusoma mteremko wa grafu. Afanye maswali machache kila siku kwa kalamu na karatasi, na kila swali aandike vizio mpaka mwisho. Wazo la kurudia mtihani mliweke kando kabisa, maana halina kazi kwake.

Kijana wa Kiborloni (Moshi)

Mama, nina daftari zangu za mekanika za kidato cha tano na mitihani ya nyuma ya Fizikia ya kidato cha nne yenye majibu ya vitendo. Nitumie ujumbe wa faragha, nitaziacha kwa mwalimu wa kituo pale mjini ili binti akazichukue akiwa na mtu wa nyumbani. Aanze na zile kurasa za kubadilisha fomula; nilizifanya nikiwa na tatizo lilelile.

Mama wa Pasua (Moshi)

Asante, mwanangu. Nimekutumia ujumbe. Mwalimu, dirisha la Selform likifunguka tutajaza kwa mpangilio huo, na nitaandika hapa majina yakitoka.